Nzuri, Ila

Kasongo, Jumatatu tarehe 12 Februari 2024

Ndugu Bisimwa,

Natumaini umefika salama na mgongo wako bado ni wako. Moussa ameniambia mlilala Lusangi kwa sababu ya matope, na kwamba safari nzima mlisukuma pikipiki kuliko kuipanda. Pole sana. Mwenyekiti wa waendesha pikipiki anapokiri kwamba barabara ni mbaya, basi ni mbaya kweli.

Nakuandikia kwa karatasi kwa makusudi. Najua tutachekwa: timu inayotengeneza programu ya simu inatumiana barua! Lakini mtandao wa huko Salamabila, tulikokutuma uangalie programu ikitumika, unakuja unapotaka, na zaidi ya hapo, barua hii imesafiri kama mzigo. Imeandikishwa kwenye programu yetu, imepewa namba, na utakapoipokea mwendesha pikipiki atabonyeza “Imefika”, nami nitaona rangi ya kijani kwenye skrini hapa ofisini. Hiyo ndiyo kazi tuliyoahidi: mama wa Kasongo anayemtumia mwanawe unga na samaki huko kwenye machimbo ya dhahabu ajue kwa simu yake kama vimefika, asishinde barabarani akimuuliza kila anayepita na pikipiki.

Unajua pia kilicho mbele yetu. Baada ya Idi, chama cha Moussa kitafanya mkutano mkuu. Wakiikubali programu, tutakuwa na kazi hapa hapa kwetu. Wakiikataa, timu imekwisha. Mwalimu Christophe atarudi kufundisha hesabu, Rosine atakwenda kwa shangazi yake Kindu, na mimi nitarudi Goma kukaa kwenye ofisi za watu. Sitaki kurudi Goma. Nakuambia waziwazi ili ujue kwa nini nakuwa mkali. Wewe nawe majaribio yako ya kazi yanaisha mwisho wa Aprili, na ningependa niwe na sababu nzuri ya kukubakiza.

Kwa hiyo tunafanya kazi kwa ile njia niliyojifunza Goma, ile wanayoiita agile: vipande vidogo vya wiki mbili mbili, kumwonyesha mtumiaji mapema, kumsikiliza, kurekebisha. Kila asubuhi tunasimama, kila mtu anasema amefikia wapi, kengele ya simu yangu ikilia tunakaa. Tangu uondoke nimefuta salamu ndani ya mkutano. Mwalimu alikuwa hawezi kuanza kazi kabla hajamuuliza Rosine kuhusu mama yake, kuku wa mama yake na paa la jiko la mama yake. Sasa tunasalimiana mlangoni, ndani ni kazi tu. Mambo yanakwenda haraka mpaka raha.

Kwako sheria ni moja. Kila barua, ukurasa mmoja. Nieleze kazi inaendeleaje, usiniandikie riwaya.

Aurélie,
kiongozi wa timu


Salamabila, tarehe 22 Februari 2024

Kwa Shefu Aurélie,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, sijui hali yako wewe na wazazi wako wote wawili. Naomba umsalimie Mwalimu Christophe, mke wake na watoto wake, hasa yule mdogo aliyekuwa anakohoa. Msalimie Rosine na mama yake, na kama wale kuku walipona, nafurahi pamoja nao. Msalimie Moussa, mwambie mgongo wangu unamkumbuka. Wasalimie majirani wa ofisi, yule mshona viatu na yule mama wa maandazi.

Nimepata mahali pa kulala nyumbani kwa Mama Deborah. Ni mfanyabiashara kutoka Bukavu, amekaa hapa miaka mingi, na mbele ya duka lake ndipo pikipiki za Moussa zinashusha mizigo. Aliposikia nami ni mtu wa Kivu kama yeye alinipa chumba kabla sijaomba, akanipa na sahani. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kuhusu kazi: nzuri. Waendesha pikipiki wamenipokea kwa furaha, na programu iko kwenye simu za wote. Mzigo ukishuka wanabonyeza, hakuna aliyekataa. Wanaiita “kitu ya Aurélie”, na wanakutakia maisha marefu.

Naona nimefika chini ya karatasi, nawe ulisema ukurasa mmoja. Kazi ni nzuri, ila mengine yangoje nafasi.

Ni mimi,
Bisimwa


Kasongo, Jumatatu tarehe 4 Machi 2024

Ndugu Bisimwa,

Barua yako imenipa furaha ambayo sikuitegemea. Nimeisoma mbele ya timu nzima, nikaruka salamu (usikasirike, kila mtu aliambiwa kwamba amesalimiwa), nikawasomea ile sehemu ya kazi. Kisha nikawaonyesha skrini. Kijani kutoka juu mpaka chini! Mizigo yote imefika, yote imepokelewa, na wenyewe. Niliwahi kukaa Goma mwaka mzima kwenye mradi wa watu wenye digrii nyingi na sikuona hata nusu ya kijani hiki.

Mikutano ya asubuhi nayo imekuwa miepesi mpaka wapita njia wanadhani tunagombana, maana tunaingia na kutoka. Leo ilikuwa hivi:

“Mwalimu, umefikia wapi?”

“Muzuri.”

“Asante. Rosine?”

“Muzuri.”

“Asante. Tukae.”

Kengele haikupata hata nafasi ya kulia.

Jambo moja tu limenikwama. Nilitaka tumwite Moussa aione sehemu mpya tunayotengeneza, ile ya kuandikisha mizigo mingi kwa mara moja, kabla haijaisha, atuambie kama inamfaa. Mwalimu alikataa kabisa. “Mugeni unamuita chakula ikishaiva,” alisema. “Nitamuonyeshaje mutu mukubwa kitu iko inavuja? Atasema sikumuheshimu.” Nilijaribu kumweleza kwamba kuonyesha mapema ndiyo heshima yenyewe. Akakunja mikono kifuani. Nimeacha, kwa sababu kwa kijani hiki hatuna haraka.

Rosine amekutumia karanga ya kusaga kwenye kopo la maziwa. Ameisaga mwenyewe Jumapili nzima baada ya misa, akatia chumvi na pilipili kidogo kama unavyopenda. Usiile yote na Mama Deborah kwa siku moja.

Aurélie


Salamabila, tarehe 14 Machi 2024

Kwa Shefu Aurélie,

Salamu. Mimi mzima. Kazi ni nzuri, wanabonyeza kama kawaida. Nisamehe mwandiko, meza inatikisika.

Ila hayo mengine tutayaongea siku nikirudi. Nisalimie wote.

Bisimwa


Kasongo, Jumanne tarehe 19 Machi 2024

Ndugu Bisimwa,

Nimepokea mistari yako. Nilisema ukurasa mmoja, sikusema kijisehemu cha ukurasa.

Nitakuwa mkweli. Skrini inaonyesha kwamba ile karanga ulipokea Jumamosi tarehe 9, kabla hujaandika, na jina la aliyepokea ni lako. Rosine amekuja mara tatu mezani kwangu kuuliza kama umeandika neno. Mara ya kwanza aliuliza akicheka. Mara ya tatu hakucheka. Asante ni neno dogo, lingeenea hata kwenye meza inayotikisika.

Nimefikiri labda umechoka na Salamabila, au umepata marafiki huko wenye kazi nyingine, kama wengi wanavyopata mahali penye dhahabu. Kama ni hivyo, sema. Sitakulaumu. Lakini tumebakiza wiki chache tu kabla ya mkutano mkuu, na siwezi kuwa na mtu huko ambaye ananiandikia kama mtu anayemjibu polisi.

Aurélie


Salamabila, tarehe 25 Machi 2024

Kwa Mama Aurélie,

Salamu mu jina ya Yesu. Hatuonani lakini nakujua kwa mudomo ya Bisimwa. Miye ni Deborah mwenye duka. Nilisoma barua yako ya tarehe kumi na tisa, kwa sababu yeye aliisoma akaiacha juu ya kitanda akatoka inje, na uso yake haikunipendeza. Unisamehe, nakuandikia bila yeye kujua.

Mutoto wenu alikuwa mugonjwa. Malaria, ile ya kali. Ile barua ya mistari kidogo aliandika akiwa amelala, walimutundikia maji kwa mukono ya kushoto, yeye anaandika na ya kuume. Si meza ilikuwa inatikisika, ni yeye. Nilimuambia, “Andika ya kama uko mugonjwa.” Akasema, “Mama, shefu anaulizaka kazi.” Sasa amepona, anakula, usiogope.

Ile karanga ni miye nilipokea. Pitchou ndiye aliileta na pikipiki. Alikuta Bisimwa hawezi kusimama, akanipa miye. Hapa ni vile. Watu wako mu mashimo huko juu, wanashuka siku wanashuka, basi kila mutu anapokelea mutu wa kwabo. Simu ya Pitchou ikakataa jina yangu. Inataka Bisimwa, hapana mwingine. Pitchou akabonyeza ya kama Bisimwa mwenyewe amepokea, tukaendelea na maisha. Wote wanafanyaka vile. Ukiona kijani yenu huko, ujue ni kijani ya namna ile.

Ambia ule binti Rosine aksanti sana. Nilitia karanga yake mu uji, ndiyo kitu ya kwanza ilikaa mu tumbo ya Bisimwa. Yeye hakujua imetoka wapi, barua yako ilikuwa haijafunguliwa bado, alizani ni ya duka. Nilikuja kumuambia wiki iliyopita tu, akafunika uso na shuka.

Na ngoja nimalize ya kwangu. Mufuko wangu ya chumvi ilitoka Kasongo mwezi wa pili. Kwenu inasema imefika. Ni kweli ilifika, ila nusu ilibakia mu muto. Niliuliza Pitchou, “Kwa nini haukuandika ya kama imelowa?” Akasema, “Mama, mu simu muko ‘Imefika’ na ‘Haikufika’ tu. Nikibonyeza ‘Haikufika’ watasema nimeiba.”

Usimukasirikie Bisimwa. Wewe ni mukubwa wake. Mukubwa akiuliza habari, mutu anajibu kwanza muzuri, kisha anaanza kusema. Kwani wewe haungojake?

Ni miye mama yako,
Deborah


Kasongo, Jumamosi tarehe 30 Machi 2024

Mdogo wangu Bisimwa,

Mama Deborah ameniandikia. Usimgombeze, ndiye mwenye akili kutuzidi sote mwezi huu. Kabla ya neno lolote la kazi: umepona kweli? Unalala kwenye chandarua? Mwalimu anauliza kama ulimaliza dawa zote au uliacha ulipoanza kujisikia vizuri, kwa sababu anakujua. Na mimi naomba unisamehe ile barua. Nilikuandikia maneno ya ukali kumbe ulikuwa kitandani. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nimetoa barua zako zote nikazisoma tena, polepole, pamoja na salamu. Ya kwanza inaishia na “ila”. Ya pili nayo ina “ila”. Ulinigongea mlango mara mbili na mimi nilikuwa ndani nimekaa, naangalia kijani.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumatano. Kengele niliifungia kwenye droo. Tukasimama, nikamwambia Mwalimu, “Habari?”

“Muzuri,” akasema.

Nikangoja. Sikusema asante wala sikumgeukia Rosine. Alinitazama, akamtazama Rosine, akavua miwani akaifuta kwa shati. Nje mshona viatu alikuwa anagonga kisigino, tukawa tunasikia yeye tu.

“Ila,” Mwalimu akasema, “ile mambo ya kupokea jina moja tu, ni miye niliandika. Tangu mwezi wa kwanza niliona itatuletea shida. Hata kwangu, mizigo ya majirani inashukaka kwa bibi yangu, mama ya watoto.”

“Sasa Mwalimu, kwa nini hukusema?”

“Nilisema muzuri. Ukasema asante, ukaita Rosine.”

Ni kweli tupu. Ndivyo nilivyofanya kila asubuhi, na nilijivuna kwamba tunamaliza haraka.

Baada ya hapo Rosine naye akasema nzuri, ila maandishi kwenye skrini hayasomeki juani, na hao wenye pikipiki wanakaa wapi kama si juani? Aliliona jambo hilo siku alipokwenda kupima programu sokoni. Alikuwa nalo kooni wiki tatu. Tulisimama mpaka miguu ikauma, tukakaa, tukaendelea, mama wa maandazi akatuletea chai bila kuagizwa. Ubao wetu wa kazi sasa umejaa vikaratasi vya “ila” na hauna tena nafasi. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Goma nimeona ile kazi niliyokuwa nawahubiria. Salamu zimerudi ndani ya mkutano. Tumeanza na kuku wa mama Rosine: wawili walikufa, wengine wazima.

Nikusimulie na la Moussa, utacheka. Nilirudia kumwomba Mwalimu tumwite aone kazi ambayo haijaisha. Akafikiri, kisha akasema, “Saa hii ni mufungo. Hata chakula ikiiva hatakula. Basi aje aone sufuria.” Na Moussa akaja! Alikaa saa nzima na midomo yake mikavu ya saumu, akabonyeza kila kitu, akavunja vitu viwili ambavyo tulidhani haviwezi kuvunjika. Alipoondoka Mwalimu alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepigiwa makofi. “Hakutukana,” akaniambia. “Alifurahi ya kama tulimuita mapema.”

Rosine alilia kidogo aliposikia karanga yake ilitiwa kwenye uji wa mgonjwa. Kisha akasema angejua asingetia pilipili.

Ile sheria ya ukurasa mmoja imekufa. Niandikie kurasa unazotaka. Naomba hasa ule ukurasa wa mwisho.

Pasaka njema,
Aurélie


Salamabila, tarehe 8 Aprili 2024

Yaya Aurélie, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Sitawataja mmoja mmoja, maana leo nina mengine ya kuandika, na tena nasikia mtasalimiana wenyewe mkutanoni. Mimi mzima, safari hii ni kweli. Dawa nilimaliza zote, mwambie Mwalimu. Kwa Rosine nimeandika barua ya pembeni, imo ndani ya hii, usiifungue.

Habari za kazi ni nzuri, ila karatasi ni nyingi. Kaa chini.

Nianze na langu. Niliogopa. Wewe ulikuwa unawasomea watu ile kijani kwa furaha, na mimi nilijua kijani ile ni ya namna gani. Nikawaza: nikisema programu haifai, nitakuwa nimemaliza timu kwa mkono wangu, na wa kwanza kuondoka ni mtu wa majaribio. Kila nilipoandika “nzuri” nilikuwa namaanisha wewe uniulize tena. Kwetu nyumbani mama akiuliza habari na ukajibu nzuri, anaendelea kupepeta mchele na anangoja. Nilidhani barua nayo inangoja. Kumbe barua ikifika imefika.

Sasa programu. Wenye pikipiki hawaichukii. Wanaonea aibu vibonyezo vyake viwili. “Imefika” ni sifa, “Haikufika” ni wizi, na barabara hii yote iko katikati ya hivyo viwili. Mzigo umefika lakini umelowa. Umefika lakini mwenyewe yuko shimoni, ameupokea mtu wa kwao. Umefika lakini pikipiki iliharibikia Lusangi na samaki wananuka. Hakuna mahali pa kuyasema hayo, basi wanabonyeza sifa na kunyamaza. Sikuwahi kuona mtu akibonyeza “Haikufika”, hata mara moja. Hata mimi nisingebonyeza.

Lakini kuna kitu nimekiona na nimekuwa na hamu ya kukueleza. Jioni, wakishashusha mizigo, wanasimama nyuma ya duka la Mama Deborah, kila mtu pembeni ya pikipiki yake, kabla ya kwenda kuoga. Wa kesho wanawauliza wa leo. “Njia?” “Njia iko muzuri.” Na hakuna anayeondoka. Wanamkodolea macho mpaka aendelee. “Ila ile daraja ya miti, bao moja imeoza. Pita kushoto.” Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Anayesema nzuri peke yake wanamshika koti. Yaya, ule mkutano wako wa kusimama uko hapa, tangu kabla hatujazaliwa mimi na wewe. Hauna kengele.

Siku moja niliwauliza kwa nini hawaniambii mimi hayo, wanaambiana wenyewe tu. Pitchou akacheka. Unamkumbuka, ndiye anayeleta barua zako. Akasema, “Simu yenu haina pa kungojea. Weka pale ‘Imefika, ila’. Utaona vile tutaandika.”

Mama Deborah akadakia toka dukani, “Na chumvi yangu ataandika ilibakia wapi!”

Wote wakacheka, Pitchou kuliko wengine, na akamwahidi mbele ya watu kwamba atakuwa anafunga mizigo yake kwa plastiki. Nilirudi chumbani nikachora. Kibonyezo cha tatu: “Imefika, ila…” Akikibonyeza panafunguka mahali pa kuandika maneno yake mwenyewe, au kusema kwa sauti kama kuandika kunamchosha, na anaweza kuweka jina la yeyote aliyepokea. Nimechora kwa kalamu, mchoro ni mbaya, haujaisha. Nakutumia hivyo hivyo.

Mkutano mkuu umekaribia na najua ni hatari kubadilisha kitu sasa. Wewe ndiye utakayeamua. Mimi nimesema.

Bisimwa

Nimesahau: Pitchou anasema kalamu nyekundu mliyonitumia ndani ya barua ya Pasaka ilifika, ila anaitumia yeye.


Kasongo, Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024

Mdogo wangu Bisimwa,

Habari za hapa ni nzuri, na usiende mbali, naendelea.

Barua yako ilifika Jumapili baada ya Idi. Jumatatu asubuhi niliubandika mchoro wako ukutani, tukasimama mbele yake. Mwalimu akasema, “Muzuri, ila hatutamaliza mbele ya siku ya mukutano kufika.” Nikasema tusimalize, tuonyeshe ilipofikia. Nilitegemea atakunja mikono. Akauliza tu ni nani atakayeshika simu siku hiyo, kwa sababu yeye amezoea kushika chaki. Walifanya kazi, yeye na Rosine, kama watu wanaoezeka paa mvua ikija. Rosine alikoleza maandishi yote, sasa yanasomeka hata adhuhuri kwenye lami ya soko. Mimi kazi yangu ilikuwa kuondoa vitu njiani na kununua mkate.

Mkutano ulikuwa juzi, Jumamosi, uwanjani nyuma ya msikiti. Walikuja wengi, wa Kasongo, wa Lusangi, wa Kabambare, na wale wa kwenu Salamabila wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Moussa akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole, akasema, “Hawa walinionyesha kazi yabo ikiwa mbichi. Wacha tuione vile iko.” Akamwita Mwalimu mbele.

Mwalimu alishika simu juu, Rosine akasimulia. Kibonyezo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu, “Imefika, ila…”, watu wakaanza kucheka na kupiga honi hata kabla hajaeleza, wakaelewa wenyewe. Kisha Mwalimu akabonyeza, na simu ikakwama. Ikaganda kabisa, mbele ya chama kizima. Niliona Goma yote mbele ya macho yangu, ofisi, ngazi, kila kitu.

Mwalimu Christophe, yule yule wa chakula kilichoiva, akaigeuza simu akaitazama, akawageukia watu wote, akasema kwa sauti ya darasani: “Iko muzuri. Ila imekwama.”

Bisimwa, laiti ungekuwepo. Walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya pikipiki zao. Moussa akasubiri, akasema, “Watu wengine wangetuficha. Hawa wametuambia.” Aliposema wanaoitaka wainue kofia zao za pikipiki, uwanja ukajaa kofia. Nililia, sina la kuficha, na Rosine akanishika mkono huku naye akilia, na Mwalimu akazima na kuwasha ile simu na ikafanya kazi, lakini hapo hakuna aliyekuwa anaitazama tena.

Basi tumekubaliwa. Ila wametuwekea sharti. Kila wiki mbili, Jumamosi, tuwapelekee kazi waione, hata ikiwa mbichi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaombea watu hilo tangu mwaka jana, na sasa nimeamriwa.

Majaribio yako yamekwisha, usingoje mwisho wa mwezi. Mezani kwako kuna picha yako ya kibonyezo, Mwalimu ameitia kwenye fremu ya cheti chake cha zamani. Ukitaka kubaki Salamabila kidogo kwa ajili ya kazi, baki. Utakalochagua ni sawa. Sisi wote wazima, kazi ni nzuri, tumefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ila asubuhi tukisimama, kwenye duara letu kuna nafasi ya mtu mmoja, na hakuna anayesogea kuiziba.

Yaya yako,
Aurélie


Ujumbe kwenye skrini ya ofisi, Kasongo, Alhamisi tarehe 25 Aprili 2024

MZIGO: barua moja. KUTOKA: Aurélie. KWA: Bisimwa, Salamabila.

IMEFIKA, ILA…

Ila haikufika Salamabila. Nimekutana na mwenyewe hapa Lusangi, anakuja kwenu na pikipiki ya mwenzangu, Mama Deborah amemupakia na kuku mbili, moja ni ya mama Rosine. Nimemupa barua hapa hapa mu njia. Ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Njia iko muzuri, ila ile daraja bado imeoza, watapita kushoto. Anasema mumuwekee bugali.

Amepokea: Bisimwa mwenyewe, kweli kweli.
Ameandika: Pitchou.